Kitenzi "Kupiga" na Safari Yake

Wako watu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha maskini, kwa kuwa kitenzi kimoja, kupiga, hutwikwa kazi nyingi mno: kupiga ngoma, kupiga magoti, kupiga hodi, kupiga pasi. Hoja hii haina uzito. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, iliyokamilika mwaka 1928, ilikipa kitenzi kifupi "set" maana nyingi sana, wala hakuna aliyesema kwamba Kiingereza kimefilisika.

Na tutazame historia yetu wenyewe. Katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi, nchi ambayo Ushetu ni sehemu yake, walichukua pembe za ndovu hadi pwani. Kirangozi alitangulia, ngoma ikapigwa, na jioni msafara ukapiga kambi. Ngoma ilipigwa kweli kwa mkono. Kambi haikupata hata kofi moja. Hapa ndipo ilipo siri ya kitenzi hiki: chenyewe huleta tendo tu, na jina linalokifuata ndilo lichukualo maana.

Kwa hiyo kila kilipokuja kitu kipya, kitenzi kilikuwa tayari kukipokea. Waya wa simu wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879. Neno simu lina asili ya Kiajemi, nalo huko lilimaanisha fedha na pia waya. Karani wa simu za maandishi alikuwa akigonga kidude chake kwa kidole, basi kupiga simu kulikuwa kupiga hasa. Leo kijana wa Ushetu hugusa kioo tu, naye bado husemwa kuwa amepiga simu.

Lakini safari iliyo kubwa kuliko zote ni ya kupiga kura. Kura ni neno la Kiarabu, na zamani kupiga kura kulikuwa kuiachia bahati iamue. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora, wakakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, mwaka 1958 na 1959. Walioruhusiwa walikuwa wachache, kwani masharti ya elimu na kipato yaliwazuia wengi. Hata hivyo, neno lililokuwa la bahati lilikuwa limekwisha kuwa neno la hiari. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Siku hizi limezuka neno jingine: wapigaji, yaani watu walao mali ya umma. Katika nchi yenye dhahabu, tumbaku na pamba, neno hili si mzaha. Mpiga ngoma twaijua ngoma yake, na mpiga kura twaijua kura yake. Lakini mpigaji ameachwa bila jina la kumfuata, na kitenzi hiki, kama tulivyoona, bila jina hakina maana kamili. Pengine ndiyo sababu twalitamka kwa kicheko. Yafaa basi tusikiapo kwamba fulani ni mpigaji, tusicheke kabla ya kuuliza: amepiga nini, na kilikuwa cha nani?