Dawa ya maumivu inapopungua nguvu: Mambo ya kumweleza daktari

WAGONJWA wengi wanaotumia dawa kali za kutuliza maumivu kwa muda mrefu hufikia siku ambapo kipimo kilichokuwa kikiwapa usingizi mnono hakiwatoshi tena. Maumivu yaliyokuwa yakitulia kwa saa nne huanza kurudi baada ya saa mbili, na usiku huwa mrefu.

Hapo mgonjwa hujikuta katika njia panda. Wapo wanaonyamaza na kuvumilia, wakihofia kwamba daktari atawadhania kuwa waraibu au atawanyima dawa kabisa. Wapo pia wanaojiongezea kipimo bila kumwuliza yeyote. Anayenyamaza hubaki na mateso yasiyo ya lazima, na anayejiongezea dawa anaweza kukatikiwa na pumzi akiwa usingizini.

Njia iliyo salama ni kuzungumza na daktari waziwazi kabla ya kipimo kubadilishwa. Ili mazungumzo hayo yazae matunda, mgonjwa na jamaa zake hawana budi kuelewa kinachotendeka mwilini na mambo ambayo daktari atahitaji kujua.

Kuzoea, kutegemea na uraibu

Dawa zinazohusika hasa ni zile za jamii ya afyuni, zikiwemo kodeini, tramadoli, mofini, fentanili na methadoni. Dawa hizi hujishikiza kwenye vipokezi vilivyomo katika ubongo na uti wa mgongo, na hivyo kupunguza ujumbe wa maumivu unaosafirishwa na neva.

Vipokezi hivyo vikiguswa na dawa kila siku kwa majuma au miezi, huanza kuitikia kwa unyonge. Matokeo yake ni kwamba kipimo kile kile huleta nafuu ndogo kuliko ilivyokuwa awali. Hali hiyo ndiyo huitwa mwili kuzoea dawa.

Kuzoea si sawa na kutegemea. Mwili hutegemea dawa pale ambapo umejipanga upya kiasi kwamba, dawa ikikatizwa ghafla, mgonjwa hutokwa na jasho na kamasi, hupiga miayo, huharisha, huumwa na misuli na kukosa utulivu. Jambo hilo huweza kumpata yeyote aliyetumia dawa hizo kwa muda, awe mtoto au mzee, hata kama hajawahi kuitamani dawa.

Uraibu nao ni ugonjwa tofauti. Mraibu huwa na tamaa ya dawa asiyoweza kuizuia na huendelea kuitumia hata inapomharibia afya, kazi na familia. Mgonjwa wa saratani anayeomba kipimo kikubwa zaidi kwa sababu mifupa inamuuma hawi mraibu kwa sababu hiyo pekee.

Hata hivyo, hatari ya uraibu ipo. Huwa kubwa zaidi kwa mtu aliyewahi kutatizwa na pombe au dawa za kulevya, au aliye na maradhi ya akili kama vile msongo mkubwa wa mawazo. Ndiyo sababu daktari huuliza kuhusu mambo hayo. Swali hilo si tusi, na jibu la kweli humsaidia kuchagua dawa inayofaa na kupanga namna ya kumfuatilia mgonjwa.

Ikumbukwe pia kwamba dawa za kawaida kama vile parasetamoli na ibuprofeni hazizoeleki mwilini kwa namna hii. Zikikosa kutosha, kuzizidisha hakufai. Mtu mzima hapaswi kupitisha gramu nne za parasetamoli kwa saa 24, kwani kuzidi hapo huweza kuliharibu ini. Ibuprofeni nayo ikizidi huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Si kila mara mwili umezoea

Dawa inapoonekana kupungua nguvu, wengi hukimbilia kusema kwamba mwili umeizoea. Kuna sababu nyingine kadhaa, na kila moja ina matibabu yake.

Sababu ya kwanza ni ugonjwa wenyewe kusonga mbele. Kwa wenye saratani, haja ya kuongeza kipimo aghalabu hutokana na uvimbe uliokua au ulioenea mahali pengine, wala si mazoea peke yake. Maumivu mapya ya mgongo yanayoandamana na udhaifu au ganzi ya miguu, au kushindwa kuzuia mkojo, huwa dalili kwamba uti wa mgongo unabanwa. Mgonjwa wa aina hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana akicheleweshwa anaweza kupooza.

Ya pili ni namna dawa inavyotumiwa. Mofini ya maji ya kawaida hufanya kazi kwa takribani saa nne, kwa hivyo hutolewa kwa saa maalumu. Mgonjwa akisubiri hadi maumivu yapambe moto, au akiruka kipimo ili chupa isiishe mapema, ataona kana kwamba dawa haifai.

Ya tatu ni mgongano wa dawa. Rifampisini, ambayo hutumika kutibu kifua kikuu, huweza kupunguza nguvu ya mofini na methadoni. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu katika kituo kimoja huku akipata mofini katika kingine anapaswa kuwajulisha wahudumu wa pande zote mbili.

Ya nne huwashangaza wengi. Dawa hizi zikitumiwa kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu, huweza kuzifanya neva za mgonjwa kuwa nyepesi kuhisi maumivu. Maumivu husambaa mwilini, hata kuguswa tu humuuma, na kila kipimo kinapopandishwa hali huzidi kuwa mbaya. Hapo huenda dawa ikahitaji kupunguzwa au kubadilishwa. Mgonjwa hawezi kutambua hali hii peke yake, na hiyo ni sababu tosha ya kutojiongezea dawa.

Madhara yanayozoeleka na yasiyozoeleka

Mwili hauzoei athari zote za dawa kwa kasi moja. Usingizi na kichefuchefu vinavyompata anayeanza kutumia mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Kufunga choo hakuzoeleki. Tatizo hilo huendelea muda wote wa kutumia dawa, na kwa hivyo mgonjwa hupaswa kupewa dawa ya kulainisha choo tangu mwanzo. Baadhi ya wagonjwa huacha mofini kwa sababu ya tumbo kujaa, kisha husema dawa iliwashinda. Lau wangelitaja jambo hilo mapema, lingerekebishwa.

Maandalizi kabla ya miadi

Muda wa kumwona daktari huwa mfupi, hasa katika hospitali za umma zenye foleni ndefu. Daftari dogo lenye maelezo ya juma moja humsaidia daktari kuliko kauli ya jumla kwamba "dawa haifanyi kazi".

Katika daftari hilo mgonjwa au jamaa yake aandike saa ya kila kipimo na kiasi alichokunywa. Aandike pia uzito wa maumivu kwa alama za 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutokuwa na maumivu na 10 ni maumivu makali kupita yote, kabla ya dawa na saa moja baada yake.

Aidha, aeleze maumivu yako wapi na yakoje: yanachoma kama moto, yanadunda, yanakata kama kisu, au yanapita kama umeme. Maumivu ya kuchoma na ya umeme mara nyingi hutoka kwenye neva na huhitaji dawa za aina nyingine. Muhimu zaidi ni kutaja kile ambacho mgonjwa hawezi tena kufanya, mathalan kulala, kuoga au kutembea hadi msalani.

Mgonjwa abebe dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na alizonunua dukani bila cheti. Chupa ya mofini ibebwe pia, kwa sababu mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Mililita tano za chupa moja huweza kuwa na dawa nyingi maradufu kuliko mililita tano za nyingine.

Mazungumzo yanavyoweza kwenda

Chukulia mfano wa mama mwenye umri wa miaka 58 ambaye saratani ya matiti imefika mifupani. Anamwambia daktari: "Dawa imeniishia nguvu. Naomba uniongezee."

"Pole sana, mama. Maumivu yako pale pale, ama yamehama?" daktari anauliza.

"Kifuani si sana siku hizi, daktari. Ni nyonga ya kushoto, hasa nikiinuka."

"Yalianza lini?"

"Majuma mawili sasa. Tena kile kipimo cha usiku mimi hukiruka, nakiweka akiba. Naogopa isije ikaisha kabla ya siku ya kurudi huku."

Katika maneno hayo machache daktari amepata mambo mawili. Kuna maumivu mapya ya mfupa yanayohitaji kupigwa picha, na pengine tiba ya miale, ambayo hutuliza vyema maumivu ya saratani iliyoingia mifupani. Pia kuna kipimo kinachorukwa kwa kuhofia upungufu. Lau angeliongeza dawa tu bila kuuliza, nyonga inayokaribia kuvunjika ingeliendelea kufichika.

Hatua ambazo daktari anaweza kuchukua

Ikibainika kwamba mwili umezoea dawa kweli, daktari anaweza kupandisha kipimo hatua kwa hatua. Kwa maumivu ya saratani, mofini haina kipimo kimoja cha juu kinachowafaa watu wote. Kipimo kinachofaa ni kile kinachotuliza maumivu bila kuleta madhara yasiyovumilika.

Anaweza pia kumhamisha mgonjwa kwa dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo. Kwa kuwa mwili uliozoea mofini haujaizoea dawa mpya kwa kiwango sawa, daktari huanza na kipimo kilicho chini ya kile ambacho hesabu ingetoa. Mabadiliko hayo hayafai kufanywa nyumbani kwa kubahatisha.

Vilevile, anaweza kuongeza dawa za kusaidia. Amitriptilini na gabapentini hutumika kwa maumivu ya neva, na dawa za kupunguza uvimbe hutumika kwa maumivu ya mifupa. Mgonjwa mwenye matatizo ya figo aseme mapema, kwa maana mabaki ya mofini hujikusanya mwilini figo zinaposhindwa kuyatoa.

Mambo hubadilika kwa maumivu ya muda mrefu yasiyotokana na saratani, kama vile ya mgongo au ya magoti yaliyochakaa. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2018, ambao ulihusisha wagonjwa 240 kwa miezi 12, ulionyesha kwamba dawa za jamii ya afyuni hazikuwawezesha kufanya shughuli zao vyema kuliko dawa za kawaida. Kwa wagonjwa wa aina hiyo, kuzoea dawa huwa ishara ya kutafakari upya matibabu, yakiwemo mazoezi ya viungo.

Ikiamuliwa dawa ipunguzwe, hupunguzwa polepole. Kwa aliyeitumia kwa mwaka mmoja au zaidi, kupunguza sehemu moja ya kumi kila mwezi huvumilika na wengi kuliko kukata ghafla.

Hofu ya mofini

Nchini Kenya, hofu ya mofini haiko kwa wagonjwa pekee. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka wa 1994 inaweka adhabu kali, na baadhi ya wahudumu wa afya wameiogopa dawa hii. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mofini itumike kwa matibabu chini ya maagizo ya daktari.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichapisha mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka wa 1986, ambao uliiweka mofini katika ngazi ya juu kwa maumivu makali. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka wa 1990 kuwahudumia wagonjwa wa aina hii. Hata hivyo, shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka wa 2010 kwamba ni hospitali chache tu za umma nchini zilizokuwa na mofini ya kunywa.

Asiyeridhika na majibu anayopata anaweza kuomba aelekezwe kwa kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wenye maradhi mazito, au kwa hospisi iliyo karibu.

Tahadhari za nyumbani

Dawa hizi hazipaswi kuchanganywa na pombe wala dawa za usingizi kama vile diazepamu bila idhini ya daktari, kwani zote hupunguza kasi ya kupumua.

Mgonjwa aliyeacha dawa kwa siku kadhaa asirudie kipimo chake cha zamani kabla ya kushauriana na daktari. Mazoea ya mwili hupotea upesi, na kipimo alichokuwa akikivumilia huweza kumuua.

Jamaa wanaomuuguza wawe macho. Mgonjwa akilala usingizi mzito asiamke anapoitwa, akipumua polepole mno, na mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, akimbizwe hospitalini mara moja. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kuirudisha pumzi yake.

Dawa ifungiwe mahali ambapo watoto na wageni hawafiki, na inayobaki irudishwe kwa mfamasia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa anayeficha kwamba dawa haimtoshi, au kwamba amekuwa akijiongezea, humfanya daktari atibu hali isiyokuwepo. Akieleza yote, hata yale anayoyaonea haya, daktari ataweza kutafuta chanzo cha maumivu hayo na kumpa nafuu bila kuhatarisha maisha yake.