Wazee wa Uingereza na Wazee Wetu: Kutoka Nyumba za Kazi Hadi Vyuma vya Kushikia



Katika kila mkutano wetu hapa Uingereza huzuka mjadala ule ule: mzee anayeishi peke yake afanyiwe nini? Vijana husema ahamishiwe kwa mwanawe. Mzee mwenyewe husema hataki kuliacha jiko lake. Na mtu akithubutu kutaja msaada wa halmashauri, hujibiwa kwamba sisi hatujafika huko. Kwa kuwa nilitumikia idara ya nyumba ya halmashauri moja kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, nimeombwa niandike machache juu ya asili ya msaada huo. Nimekubali kwa furaha, kwani naamini kwamba haya tunayoiona inatokana na kutoijua historia yake.

Wenyeji wa nchi hii nao walikuwa na haya hiyo, tena wao walikuwa na sababu kubwa kuliko zetu. Sheria ya maskini ya mwaka 1834 ilikusudia kwamba asiyeweza kujikimu asaidiwe ndani ya nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa kwa makusudi kuwa mazito kuliko ya kibarua wa chini kabisa wa nje. Mume alitengwa na mkewe. Mkulima au mfuaji nguo aliyeishiwa na nguvu baada ya kazi ya miaka hamsini aliingia kwa mlango ule ule wa wazururaji. Aliyefia humo, na asitokee jamaa wa kumdai, maiti yake iliweza kukabidhiwa wanafunzi wa udaktari wakaipasua. Haishangazi kwamba wazee wengi waliona ni afadhali kufa kwa njaa na baridi nyumbani kuliko kuingia humo.

Mabadiliko yalianza na fedha kidogo. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee waliotimiza miaka 70 pensheni isiyozidi shilingi 5 kwa wiki, na malipo ya kwanza yakatolewa tarehe 1 Januari 1909. Masharti yalikuwa mengi, na aliyekuwa akipokea msaada wa maskini alinyimwa hapo mwanzoni. Lakini tazameni zilipolipwa fedha hizo: katika posta. Mzee hakusimama tena mbele ya afisa wa maskini akihojiwa habari za watoto wake, bali alipanga mstari pamoja na wanunuzi wa stempu, akapewa haki yake, akaenda zake kulipa kodi ya chumba chake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo lilipozaliwa wazo la mzee kujitegemea kwa msaada wa umma, maneno mawili ambayo wengi wetu bado tunadhani hayawezi kukaa pamoja.

Hatua ya pili ilitoka hospitali. Mwaka 1935 daktari mwanamke, Marjory Warren, wa Hospitali ya West Middlesex iliyoko Isleworth, karibu na wanakokaa baadhi yetu, alikabidhiwa wagonjwa wa nyumba ya kazi iliyopakana na hospitali hiyo, yenye vitanda 714. Wengi walikuwa wamelazwa miaka na miaka kwa kudhaniwa kwamba uzee hauna dawa. Bibi huyo aliwapima mmoja mmoja. Akagundua kwamba wengi walilemaa kwa kulazwa tu. Akawafanyisha mazoezi, akaweka vyuma vya kushikia, akabadilisha rangi za kuta na taa, na wengi wakasimama, na wengine wakarudi makwao. Leo anahesabiwa kuwa mama wa tiba ya wazee nchini humu. Ningependa kila mwenye tabia ya kumwambia mama yake "kaa, usiguse kitu" aifikirie habari hii.

Sheria ya mwaka 1948 ilifuta rasmi ile ya maskini, na Waziri Aneurin Bevan alitamani nyumba za wazee zifanane na hoteli. Hayo hayakutimia upesi. Mwanachuoni Peter Townsend alipozuru nyumba 173 mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta majengo ya kale ya nyumba za kazi yangali yamejaa wazee, na kitabu alichokitoa mwaka 1962 kiliwatia watu aibu. Fikra ikageuka: badala ya kumhamisha mzee, itengenezwe nyumba yake. Mbunge Alfred Morris wa Manchester, ambaye baba yake alirudi vitani amejeruhiwa vibaya, alifanikisha sheria ya mwaka 1970 iliyozitaka halmashauri zimtengenezee nyumba asiyejiweza, zimfikishie chakula, hata zimsaidie kupata simu. Mwishoni mwa mwaka 1971 ikaanza posho iitwayo Attendance Allowance, ambayo haiangalii kipato cha mtu.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Nyingi ni zile za safu, zenye ngazi nyembamba na kali, na bafu liko juu. Waliokulia Mji Mkongwe watanicheka, kwani ngazi za kule ni kali zaidi. Lakini walizipanda wakiwa vijana, na nyumba ilijaa watu wa kumwinua aliyeteleza. Katika kila watu 3 waliopita miaka 65, karibu mmoja huanguka walau mara moja kwa mwaka. Mtaalamu wa halmashauri anayekuja kukagua nyumba ataona ngazi na beseni la kuogea. Lakini hataona, msipomwambia, kwamba mzee wetu hutia udhu mara tano kwa siku, na kila mara huinua mguu hadi kwenye sinki akiwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya sakafu iliyorowa. Mwelezeni! Kiti kifupi na bomba la chini huondoa hatari hiyo. Katika Uingereza penyewe, yaani pasipo Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, vifaa na marekebisho madogo yasiyozidi pauni 1,000 hutolewa bure kwa aliyepimwa akaonekana anavihitaji. Kwa kazi kubwa, kama bafu la chini, kuna ruzuku inayofika pauni 30,000, ingawa hiyo huangalia kipato.

Najua tunaogopa nini. Huko kwetu, kutaja nyumba za Sebleni, Welezo au Limbani ni kutaja mtu aliyekosa jamaa. Lakini hata Zanzibar umma haukuwaachia jamaa peke yao mzigo huu: nyumba za wakfu ziliwahifadhi wajane na wanyonge kwa kodi ndogo, na tangu Aprili 2016 Serikali hulipa Pencheni Jamii kwa kila aliyetimiza miaka 70, iliyoanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Umri ule ule wa Waingereza wa 1908. Sijasikia mzee wa Unguja aliyeikataa kwa kuwa ana watoto.

Shangazi yetu mmoja, ambaye sitamtaja, alikataa kupimwa kwa miaka miwili. Sasa ana chuma pande zote mbili za ngazi na kengele ya kuvaa shingoni, na bado anawapikia wajukuu kila Ijumaa.

Siku ya pili ya mkutano, baada ya chakula cha mchana, nitakaa katika meza iliyo karibu na birika za chai nikiwa na fomu za Attendance Allowance. Ni ndefu na zinachosha, basi mje na miwani, majina ya dawa na jina la daktari. Wa Scotland wanijulishe mapema, kwa kuwa huko posho hiyo imebadilishwa jina na mlipaji. Na ambao viza zao zina sharti la kutotumia fedha za umma wasijaze chochote kabla ya kuonana na mwanasheria.