Shela: Mchanga, Mifupa na Maji

Vijitabu vya watalii huusifu ufuo wa Shela kwa utupu wake. Mtu akishazipita nyumba za mwisho za kijiji, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Lamu, mbele yake kuna takriban kilomita 12 za mchanga mweupe, bahari upande mmoja na vilima vya mchanga upande wa pili, na nyayo pekee azionazo ni zake mwenyewe. Kwa macho, sifa hiyo ni kweli. Kwa historia si kweli hata kidogo, na sisi tuishio Muscat tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo, kwa kuwa sehemu ya sababu ya kuwako kwetu huku ilianzia juu ya mchanga ule.

Kijiji chenyewe kilianzia ng'ambo. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba mababu zao walitoka Takwa, mji wa mawe uliokuwa kisiwani Manda na uliohamwa mnamo karne ya 17. Mji huo ulikuwa na ukuta, nyumba za matumbawe na msikiti wa Ijumaa wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. James Kirkman aliuchimba mwaka 1951. Kuhusu kuhama huko, maelezo yanayotajwa mara nyingi ni visima kugeuka chumvi, pamoja na uadui wa miji jirani. Mimi huegemea zaidi kwenye visima. Adui mtu huweza kusuluhishwa naye. Maji yakiingia chumvi hakuna wa kufanya naye sulhu. Waliovuka mlango wa bahari kwenda Shela walikuta chini ya vilima vya mchanga maji matamu. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, ule wenye mnara mweupe uliochongoka kama pia, ulijengwa mwaka 1829, kijiji kilipokuwa kimeshiba.

Kabla ya mnara huo kusimama, ufuo ulikuwa umeshaona damu. Kati ya mwaka 1812 na 1814 (watafiti hawakubaliani juu ya mwaka wenyewe) Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate walikuja kwa bahari kuitiisha Lamu, wakashusha majeshi Shela. Vita hivyo vilitanguliwa na vya maneno: Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi ya kejeli na vitisho, na tungo hizo zimedumu kuliko ngome nyingi za zama zile. Watu wa Lamu waliwatoka wageni wao kwa nguvu wasiyoitarajia. Walioshindwa walikimbilia vyombo vyao, lakini, kama wanavyosimulia Walamu, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimelala juu ya mchanga. Jeshi lililosubiri bamvua lilipata kupwa. Wengi walifia pale ufuoni, na kwa miaka mingi baadaye upepo ulipohamisha mchanga, mifupa na mafuvu yalijitokeza vilimani.

Ushindi uliwaletea Walamu hofu kubwa kuliko waliyokuwa nayo kabla ya vita. Mombasa ingelipiza kisasi, na mji mdogo wa wafanyabiashara usingeweza kushinda mara mbili kwa msaada wa maji kupwa. Wakatuma ujumbe Muscat kwa Seyyid Said bin Sultan kuomba ulinzi. Naye akapeleka liwali na askari, na ngome ya mji, iliyokuwa imeanzwa tayari, ikakamilishwa mnamo 1821. Unguja ilikuwa na uhusiano na Oman tangu zamani, kwa hiyo si sawa kusema kwamba Busaidi waliingia Afrika Mashariki kupitia Shela. Ila mlango wa kaskazini ulifunguliwa hapo. Pate ikadhoofika, Pemba ikawaponyoka Wamazrui, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaanguka. Liwali aliyeombwa kwa hiari hakuondoka hatari ilipopita. Wazee wetu huku hupenda kusimulia sehemu ya kwanza ya habari hii kuliko ya pili.

Utalii ulifika kwa mwendo wa taratibu. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967 mahali kijiji kinapogusa ufuo, na kwa miaka mingi ikawa karibu peke yake. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Nyumba za Shela, nyingine zikiwa magofu, zilinunuliwa na wageni, zikatengenezwa vizuri mno, mabwawa ya kuogelea yakachimbwa nyuani. Mtu wa ukoo wangu aliuza yake. Simlaumu, kwani bei aliyopewa isingekataliwa na yeyote kati yetu.

Swali lenye uzito liko chini ya mchanga. Mvua inaponyesha juu ya vilima, maji huzama, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vilivyochimbwa hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Vilima vikijengewa au mchanga ukichotwa, mvua hukosa pa kuzama. Kwa hiyo kila nyumba inayopandishwa kilimani ili kuona bahari vizuri zaidi inakaa juu ya mtungi wa mji mzima. Sheria za kuhifadhi vilima zipo, na ujenzi nao upo.

Watu wa Shela hawajaisahau Takwa. Mara mbili kwa mwaka huvuka Manda kulizuru kaburi la mnara lililo nje ya ukuta wa mji, wakamwomba Mungu mvua. Mgeni naye anaweza kwenda siku nyingine yoyote, akikodi mashua Shela. Nahodha atamwambia saa ya kuondoka na saa ya kurudi, wala hatabishana naye, kwa sababu mkondo unaopita katikati ya mikoko hukauka maji yakipwa, na chombo kilicholala matopeni hakirudi hadi maji yajae tena.