Siku Iliyokuchwa Mara Mbili: Kupatwa kwa Jua kama Ushahidi wa Kihistoria kutoka Rwanda hadi Mwambao

Utangulizi

Mfuatano wa wafalme wa Rwanda ulihifadhiwa kwa mdomo katika ubucurabwenge, yaani nasaba rasmi ya kifalme, pamoja na tungo na visa vilivyosimuliwa katika makao ya mwami. Hazina hiyo hueleza nani alimrithi nani, lakini haitaji miaka. Ndiyo maana wanahistoria wamelipa uzito wa pekee tukio moja la angani, kupatwa kwa jua, ambalo wanafalaki wanaweza kukokotoa siku na mahali lilipotokea, hata karne nyingi zilizopita. Simulizi inayotaja giza la mchana huonekana basi kuwa nanga ya kalenda nzima. Makala haya yanadai kuwa nanga hiyo haijashika chini imara kadiri inavyodhaniwa, na kwamba sehemu ya ulegevu wake hutokana na tafsiri ya neno.

Tarehe mbili za mfalme mmoja

Mapokeo ya Rwanda yanahusisha mwanzo wa utawala wa Mibambwe Sentabyo na kupatwa kwa jua. Alexis Kagame, padri na mwanahistoria aliyekusanya simulizi nyingi za makao ya kifalme, aliulinganisha mwanzo huo na kupatwa kwa mwaka 1741. Watafiti waliofuata walipendekeza kupatwa kwa mwaka 1792. Tofauti ni miaka 51, na haimgusi Sentabyo peke yake. Anaposogezwa yeye, husogea pia wafalme wanaopangwa kabla na baada yake, pamoja na vita, njaa na uhamaji unaohesabiwa kwa tawala zao.

Mfano wa pili uko Biharwe, karibu na Mbarara nchini Uganda. Simulizi za Nkore zinasema mfalme wa Bunyoro-Kitara aliyekuwa akirudi na ng'ombe wa nyara aliingiwa na hofu jua lilipotiwa giza, akakimbia na kuwaacha ng'ombe hao. Miaka iliyopendekezwa kwa tukio hilo ni 1492, 1506 na 1520, na wengi wameegemea 17 Aprili 1520. Kwa kuwa mapokeo ya Rwanda nayo yanakumbuka mashambulizi ya Wanyoro, tarehe ya Biharwe imetumiwa pia kupanga wafalme wa awali wa Rwanda. Hivyo kisa kimoja cha giza hubeba kalenda za falme zaidi ya moja. Mwaka 1976 David Henige alionya kuwa mtafiti anayetafuta kupatwa kwa jua katika orodha ya wanafalaki hakosi kupata kunakomfaa, kwa kuwa orodha ni ndefu na simulizi ni fupi.

Neno na kile linachokihifadhi

Onyo hilo ni la kitakwimu. Lipo jingine la kiisimu. Kinyarwanda huliita tukio hili ubwirakabiri, neno lililojengwa kwa kitenzi kwira, yaani kuchwa au kuingia kwa usiku, na kabiri, yaani mara mbili. Neno hili halielezi jua limefanywa nini. Linaeleza siku imekuwaje. Siku moja imekuchwa mara mbili. Kiswahili kimechagua njia nyingine. Katika kupatwa kwa jua, kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa: jua ndilo lililofikwa na jambo, na aliyelipata hatajwi. Neno la kwanza linamtazama mtu aliye ardhini, la pili linatazama angani.

Tofauti hii ina matokeo kwa mwanahistoria. Ili siku ichwe mara mbili, masharti mawili hayana budi kutimia. Giza liwe zito kiasi cha kufanana na usiku, na mwanga urudi kabla ya machweo ya kawaida. Kupatwa kisehemu hakutimizi sharti la kwanza, na kupatwa kunakotokea jua likizama hakutimizi la pili.

Ushahidi wa 3 Novemba 2013

Masharti hayo yanaweza kupimwa kwa tukio la karibu. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kilivuka Gabon, Kongo zote mbili, kaskazini mwa Uganda na kaskazini mwa Kenya, kikaishia Somalia wakati wa machweo. Pakwach, kando ya Mto Nile, jua lilifunikwa lote kwa muda usiofika nusu dakika. Kigali ilikuwa kusini mwa njia hiyo, na jua lake lilipatwa kisehemu wakati wa alasiri. Mombasa nako lilipatwa kisehemu, na liliposhuka kuelekea bara lilikuwa bado halijarejea ukamilifu wake.

Jua ni kali mno hivi kwamba hata sehemu kubwa yake ikifunikwa, kinachobaki hutosha kuufanya mchana ubaki mchana. Asiyepewa taarifa huweza kudhani ni wingu, au kwamba jioni imewahi. Tukio moja, siku moja, lilikuwa ubwirakabiri kamili Pakwach, lakini Kigali na Mombasa lilikuwa ni kufifia tu kwa mwanga wa jioni. Laiti lingetokea karne ya 18, lingebaki katika orodha ya wanafalaki kama lililoonekana Rwanda, ilhali kumbukumbu za makao ya mwami huenda zisingelitaja kamwe. Kuonekana kwa hesabu si sawa na kuonwa na watu.

Mwambao ulikuwa na sababu nyingine ya kuliangalia jua hata lilipopatwa kisehemu. Kwa Waislamu kuna sala ya kusufu, ambayo asili yake huhusishwa na kupatwa kwa jua kwa mwaka 632, siku aliyofariki Ibrahimu, mwana wa Mtume Muhammad. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, wakati wa sala hiyo hukoma jua linapokunjuka, au linapozama likiwa bado limepatwa. Kumbe hali ambayo neno la Kinyarwanda haliikamati ina hukumu yake mahsusi katika fikihi ya mwambao. Jamii hukumbuka kile ambacho lugha na desturi zake zimekitengea mahali.

Hitimisho na mapendekezo

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, haja ya kuiandika historia ya nchi hiyo kwa Kiswahili imeongezeka. Kila ubwirakabiri utakapotafsiriwa kuwa kupatwa kwa jua bila maelezo, msomaji atapewa istilahi ya falaki badala ya ushuhuda wa watu, na tarehe itakayoambatanishwa itaonekana kuwa sehemu ya simulizi yenyewe.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, wanaohifadhi simulizi wabakize neno asilia pamoja na tafsiri yake ya sisisi. Pili, vitabu vya kiada vionyeshe tarehe zinazoshindaniwa, kama 1741 na 1792, badala ya kuchagua moja kimyakimya. Tatu, anayependekeza tarehe athibitishe kuwa kupatwa huko kulileta giza zito mahali husika, na kwamba mwanga ulirudi kabla ya machweo. Kwa kipimo hicho tarehe kadhaa zitaanguka, na zitakazobaki zitakuwa zimeungwa mkono na hesabu za falaki na maneno ya wenyeji kwa pamoja.