Uhuishaji kwa Matabaka

Uhuishaji kwa matabaka ni njia ya kutengeneza picha inayosogea ndani ya programu ya kuhariri picha. Kila tabaka hubeba hatua moja ya mwendo, na matabaka yakionyeshwa moja baada ya jingine kwa kasi, jicho huona mwendo mmoja. Njia hii hutumika kwa katuni fupi, matangazo ya mtandaoni na picha za kutumiana kwa simu.

Asili

Wazo hili lilitangulia kompyuta. Mwaka 1914 Earl Hurd wa Marekani aliomba hataza ya kuchora wahusika juu ya karatasi angavu za seluloidi na kuzilaza juu ya mandhari. Mandhari ilichorwa mara moja. Kilichosogea ndicho kilichochorwa upya. Kwenye kompyuta, programu ya Photoshop ilipata matabaka katika toleo la 3.0, mwaka 1994. Mwaka uliofuata Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walianza kuunda GIMP, programu huria inayotolewa bure. Muundo wa faili wa GIF, uliotoka mwaka 1987, ulifanyiwa marekebisho mwaka 1989 na kuwezesha kila fremu, yaani picha moja ya mwendo, kupangiwa muda wake.

Utengenezaji

Chukua mfano wa mpiga ngoma ya kifalme ya Burundi, ngoma ambayo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Mchoraji huweka uwanja kwenye tabaka la chini, ngoma na kiwiliwili kwenye tabaka la pili, na mkono wenye fimbo ya kupigia kwenye tabaka la tatu. Hunakili tabaka la mkono mara kadhaa, kisha hugeuza kila nakala kidogo: mkono juu, katikati, kwenye ngozi ya ngoma, na kurudi juu. Mwisho huunganisha kila mkono na nakala ya uwanja na ya mpigaji, ili kila hatua iwe fremu kamili.

Katika GIMP, tabaka la chini kabisa ndilo fremu ya kwanza. Muda wa fremu huandikwa kwenye jina la tabaka, ndani ya mabano, kwa mfano (100ms), yaani sehemu ya kumi ya sekunde. Fremu sita za muda huo humaliza pigo moja kwa sekunde 0.6. Fremu ya kugusa ngozi ikiongezewa muda, pigo huonekana zito zaidi.

Wakati wa kuhifadhi kazi kama GIF, mtumiaji huchagua kama kila fremu itaifuta iliyotangulia au itawekwa juu yake. Chaguo la pili hupunguza ukubwa wa faili, lakini mkono wa zamani hubaki ukionekana iwapo fremu mpya haijaufunika.

Mipaka

Fremu ya GIF hubeba rangi zisizozidi 256, haina sauti, na kila nukta yake ama ni angavu kabisa au si angavu hata kidogo. Ndiyo maana kingo laini huonekana zenye menomeno. Kazi ndefu huhitaji programu maalumu za uhuishaji. Mifano ya kazi hizo Afrika Mashariki ni *Tinga Tinga Tales*, iliyohuishwa Nairobi na kurushwa kuanzia 2010, na *Ubongo Kids* ya Dar es Salaam, iliyoanza 2014.

Matumizi Burundi

Kwa mwanafunzi au mchoraji wa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, faida kubwa ni gharama: GIMP ni ya bure, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Ikiwekwa kwa Kifaransa, paneli ya matabaka huandikwa *Calques*. Kwa mwendo mfupi unaojirudia, njia hii inatosha. Kwa hadithi yenye sauti na mazungumzo, haitoshi.