Kiendeshi cha tepu

Kiendeshi cha tepu ni kifaa cha kompyuta kinachoandika na kusoma data kwenye utepe wa sumaku. Kilianza kutumika mwaka 1951 katika kompyuta ya UNIVAC I. Siku hizi hutumika hasa kutunza nakala rudufu, na aina iliyoenea ni LTO, iliyotoka mwaka 2000.

Kutotambuliwa na kompyuta

Wengi hudhani kiendeshi hakijatambuliwa kwa sababu tu hakionekani pamoja na diski C na D. Kwenye Windows kwa kawaida hakipewi herufi. Hutafutwa katika orodha ya vifaa. Kwenye Linux kile cha kwanza huitwa /dev/st0.

Kikikosekana huko, kompyuta iwashwe upya. Kadi nyingi za SCSI na SAS huorodhesha vifaa vilivyounganishwa kabla mfumo endeshi haujaanza. Kikiwemo, tatizo liko kwenye programu za kompyuta. Kisipokuwemo, ukaguliwe umeme, kebo na kadi. Katika SCSI ya zamani mara nyingi vifaa viwili vimepewa namba moja, au mwisho wa kebo haukufungwa kizibo chake. Kiendeshi cha nje huwashwa kabla ya kompyuta.

Data iliyo kwenye tepu haipotei kwa hitilafu hiyo. Husomwa kwa kiendeshi kingine kinachoikubali tepu hiyo. Kile cha LTO-8, kwa mfano, hakisomi tepu za LTO-6.