Nani aliiua betri ya laptopu yangu?

Najua nimekuwa kimya. Kazi zimenibana, na muda mdogo uliobaki nimeutumia kuchunguza maiti. Maiti yenyewe ni betri.

Kisa ni hiki. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilinunua laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza, katika kibanda kimoja cha Luthuli Avenue hapa Nairobi. Ilinisaidia mpaka nikapata digrii. Nilipoajiriwa nikapewa mashine ya kazini, na ile ya zamani nikaiweka juu ya kabati ikiwa imeishiwa chaji kabisa. Ikakaa huko miezi minane. Mdogo wangu alipojiunga na chuo nikamkabidhi kwa madaha yote, kama mzee anayegawa urithi. Wiki ya pili akanipigia simu usiku.

"Kaka, hii mashine yako haishiki chaji. Stima imepotea nikiwa ukurasa wa tisa!"

Insha ilitakiwa asubuhi. Aliiandika upya kwa simu, kwa vidole gumba, hadi saa tisa za usiku. Tangu siku hiyo najihisi nina deni.

Wataalamu wetu wa lugha waliipa laptopu jina la kipakatalishi, yaani tarakilishi ya kupakatwa kama mtoto. Jina zuri sana. Sasa hebu mpakate mtoto aliyefungwa ukutani kwa waya wa mita moja na nusu!

Nilitaka kujua nani wa kulaumiwa, na utafutaji huo ukanirudisha nyuma miaka zaidi ya 40.

Kompyuta za kwanza za kubebwa hazikuwa na shida ya betri kufa kwa sababu hazikuwa na betri. Osborne 1 ya mwaka 1981 ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, unaibeba kama cherehani, na ukifika unatafuta soketi. Lakini miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980 Epson walileta HX-20, ya kilo 1.6 tu, yenye betri za nikeli na kadimiamu zilizodumu saa 50 hivi. Usishangae sana, kioo chake kilionyesha mistari minne ya herufi 20. Kisha mwaka 1983 ikaja TRS-80 Model 100 iliyopendwa sana na waandishi wa habari. Hii ilitumia betri nne za AA, zile zile za rimoti na redio, na ilifanya kazi saa 20 hivi. Zikiisha unaenda dukani unanunua nyingine. Naomba ukumbuke hilo duka, tutalirudia.

Mwaka 1989 Apple walitoa Macintosh Portable, yenye kilo saba na betri ya risasi na asidi, ukoo mmoja na ile ya gari. Ilidumu mpaka saa kumi. Ila mafundi waliunganisha saketi yake kwa namna ambayo umeme wa chaja ulipitia kwenye betri. Betri ikifa, kompyuta haiwaki hata ukiichomeka ukutani. Laptopu ya mdogo wangu angalau huwaka ikichomekwa, kwa hiyo kuna waliopata taabu kuliko sisi.

Betri za nikeli na kadimiamu, zilizobuniwa na Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899, ndizo zilizobeba laptopu nyingi za mwisho wa miaka ya 1980. Zilikuwa na tabia iliyoitwa kumbukumbu: ukizoea kuzichaji kabla hazijaisha, baada ya muda zinakuwa kama zimekariri kituo kile na volti inashuka mapema. Dawa yake ilikuwa kuziacha ziishe kabisa ndipo uzichaji. Ushauri huu ulikuwa sahihi kwa betri hizo. Tatizo ni kwamba betri zilibadilika na ushauri ukabaki. Nami niliupata kwa muuzaji wangu wa Luthuli, pamoja na risiti: "Iache ife kwanza, kisha uichaji saa nane mfululizo." Nikamtii kwa miaka mitatu.

Betri iliyokuwa ndani ya laptopu yangu ilikuwa ya lithiamu, na historia yake ina moto. Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon, alitengeneza betri ya lithiamu inayochajika. Ilitumia metali tupu ya lithiamu na ilishika moto; wazimamoto waliitwa maabara mara kadhaa. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford wakaonyesha kwamba oksidi ya kobalti ingeipa betri volti karibu nne. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akaondoa ile metali tupu na kuweka kaboni inayohifadhi ayoni za lithiamu. Ikawa salama vya kutosha kuuzwa, na Sony wakaanza kuiuza mwaka 1991. Wanasayansi hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, mshindi mzee kuliko wote!

Na hiyo kobalti? Zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani hutoka Kongo, maeneo ya Kolwezi na Likasi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili (chao kina ladha yake, lakini tungeelewana). Wakati Goodenough anafanya majaribio yake mkoa huo uliitwa Shaba, jina la Kiswahili kabisa. Huwa nalifikiria hilo kila nisikiapo kwamba lugha yetu haina nafasi katika teknolojia.

Sasa tufike kwenye kiini. Kwa kuwa lithiamu haikuaminika, haikuachwa peke yake. Kila pakiti iliwekewa mlinzi wa elektroniki. Katikati ya miaka ya 1990 Intel na Duracell walitoa kanuni za "betri erevu": betri yenye chipu inayopima volti, mkondo na joto, inayohesabu mara ilizochajiwa, na kuzungumza na kompyuta kwa nyaya mbili tu. Yaani betri ikawa kompyuta nyingine ndogo. Mwaka 2011 mtafiti Charlie Miller alionyesha kwamba chipu za betri za laptopu za Apple zilitumia nywila za kiwandani ambazo hazijabadilishwa, na aliweza kuandika upya programu ya ndani yake. Aliua betri kadhaa akijaribu. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kama betri ina nywila, basi ina maoni.

Nikaipasua pakiti yangu. (Usiige! Nilifanya nje, juu ya sakafu ya saruji, na ndoo ya mchanga pembeni. Kisu kikipenya seli unaweza kupata moto usiozimika kirahisi.) Ndani kulikuwa na seli sita za 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, zimepangwa jozi tatu. Nikachukua mita. Jozi ya kwanza: volti 3.6. Ya pili: volti 3.6. Ya tatu: volti 0.9.

Seli nne kati ya sita zilionekana nzima, na chipu ilikuwa imezifungia zote. Hapo nilikasirika kweli. Fundi mmoja alijitolea "kuishtua" ile jozi kwa chaja nyingine ili chipu idanganyike. Mbinu hiyo ipo, na wakati mwingine laptopu hukubali.

Nilisoma kidogo kabla ya kumjibu, na nashukuru nilisoma. Seli ya lithiamu ikishuka chini sana na kukaa hivyo, utando wa shaba ulio ndani yake huanza kuyeyuka. Ukiichaji tena, shaba hiyo hujijenga mahali isipotakiwa na inaweza kuunganisha pande mbili zisizofaa kukutana. Mwaka 2006 Dell walirudisha betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony, na Apple milioni 1.8, kwa sababu ya chembe za metali zilizoingia ndani ya seli kiwandani. Chembe ndogo tu, na laptopu zikawaka moto. Mimi nilitaka kuzitengeneza chembe hizo kwa mkono wangu na kumpa mdogo wangu apakate.

Kwa hiyo chipu haikuua. Ilitoa cheti cha kifo. Muuaji alikuwa ushauri wa zama za kadimiamu, na mtu aliyeweka mashine juu ya kabati ikiwa sifuri. Jina lake mnalijua, liko juu ya blogu hii.

Lakini siipi chipu msamaha wote. Mlinzi yule yule aliyewekwa kuzuia moto alipewa kazi nyingine: kuna laptopu ambazo programu yake ya kuwashia huikataa betri nzima kabisa kwa kuwa imetengenezwa na mwingine. Hilo si suala la usalama, ni la soko. Kuanzia MacBook Air ya 2008 na MacBook Pro ya inchi 17 ya 2009, betri zikaanza pia kufungiwa ndani ya mashine. Apple walisema hiyo ya inchi 17 ingechajiwa mara 1,000 badala ya 300, na nafasi waliyookoa ilikuwa ya kweli. Lile duka la betri za AA ndilo lililopotea. Umoja wa Ulaya umeweka sheria kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 mtumiaji aweze kutoa na kubadilisha mwenyewe betri za vifaa vya kubebwa. Sisi tunaonunua mitumba ya Ulaya tutaanza kuona matunda yake miaka mitano baadaye, mtumba ukifika.

Yangu bahati nzuri hutoka kwa klipu mbili. Betri ya kwanza niliyonunua ilikuwa imevalishwa lebo mpya. Niliingia kwenye Linux, nikafungua saraka ya /sys/class/power_supply/BAT0 na kusoma faili mbili: energy_full_design ilisema wati-saa 47, energy_full ikasema 19. Nikairudisha siku hiyo hiyo, baada ya kelele kidogo. Ya pili, ya shilingi 3,800, ilisoma 46.

Ile iliyokufa niliifunga vituo vyake kwa utepe na kuipeleka kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki, zile seli nne zikiwemo. Mdogo wangu nimemwambia akifunga chuo aiache ikiwa asilimia 60, isiwe sifuri. Jana stima ilipotea kwao tena. Alinitumia ujumbe mfupi: "Saa mbili na dakika arobaini. Nimemaliza."